Chumba cha kulala, dirisha la magharibi, sakafu nyekundu: tupige rangi gani?

ZamuYaUsiku

Habari zenu wanajukwaa. Naomba mawazo yenu kabla sijamwita fundi, maana akishaingia na ndoo zake hakuna tena nafasi ya kufikiri.

Chumba chetu cha kulala kina mita 3.5 kwa 4, na kutoka sakafuni hadi darini ni mita 2.6. Dirisha ni moja tu, linatazama magharibi. Sakafu ni vigae vya rangi ya matofali, wekundu wenye ukahawia, na hatuna mpango wa kuving'oa. Kabati la nguo limejengewa ukutani, mbao za zamani zilizokolea, nalo linabaki. Taa ni balbu moja katikati ya dari, zile zenye mwanga mweupe mkali. Kuta zina rangi ya chungwa iliyofifia tuliyoikuta tulipohamia. Nyumba ni ya zamani kidogo. Kwenye fremu ya mlango rangi inabanduka na chini yake unaona rangi nyingine, na chini ya hiyo nyingine tena. Saa kumi alasiri jua likishafika dirishani, chumba kizima kinageuka chungwa tupu, shuka, mapazia, mpaka nyuso zetu.

Mimi ni muuguzi wa zamu za usiku. Narudi asubuhi, nalala, naamka kwenye saa tisa mchana. Mume wangu analala usiku kama watu wengine. Kwa hiyo yeye chumba anakijua kwa taa, mimi nakijua kwa jua. Yeye anataka krimu, anasema chumba hakina ukubwa wa kuchezea. Mimi moyo wangu uko kwenye kijani kizito, kile cha majani yaliyokomaa. Tumeleta kartela, zile karatasi za sampuli za rangi, nyumbani, tukazipanga kitandani, na kadiri tunavyozitazama ndivyo zinavyozidi kufanana.

Naomba kujua: ni kweli rangi nzito hupunguza chumba? Ni kweli bluu au waridi huleta usingizi? Ya kung'aa au isiyong'aa? Na zaidi ya yote, mnachaguaje? Tafadhali msiniambie nichague ninachopenda. Ninachopenda nakijua. Nisichokijua ni kama kitapendeza kwenye kuta zangu.

kuta_nne

Dada, piga nyeupe. Nyeupe haichoshi, inakubali kila pazia na kila shuka, na ukipata doa unaziba palepale bila kuhangaika kutafuta rangi inayolingana. Chumba kidogo chenye dirisha moja kinataka kila tone la mwanga kinaloweza kupata. Mumeo yuko sahihi, ila hata krimu ni safari ya bure.

FundiBrashi

Dada ZamuYaUsiku, pole na zamu. Nimepiga rangi kwenye nyumba za watu tangu ujana wangu, na wewe umefanya kitu ambacho wateja wengi hawafanyi: umetaja dirisha na sakafu kabla ya kutaja rangi. Hapo ndipo pa kuanzia. Rangi ya chumba cha kulala huchaguliwa kwa saa ambazo watu wamo ndani na macho yako wazi, na kwa vitu ambavyo havitaondoka. Kartela inakuja mwisho kabisa.

Niiseme hiyo kartela kwanza tuimalize. Kile kipande ni kidogo na kimezungukwa na weupe wa karatasi. Ukutani mambo hubadilika: mwanga hugonga ukuta mmoja, huchukua rangi yake, huenda kugonga wa pili, nao huurudisha tena ukiwa umekolea zaidi. Rangi inajiongezea nguvu yenyewe, kama sauti ya kawaida inavyokuwa kubwa ndani ya chumba kitupu. Ndiyo maana njano ya upole kwenye karatasi hupiga kelele ikishakuwa kuta nne, na ndiyo maana hiyo chungwa yenu inawapaka mpaka nyuso. Ushauri wangu kwa kila mteja ni mmoja: ukiipata rangi unayoipenda kwenye kartela, sogea hatua moja kuelekea kijivu. Kijivu, si nyeupe. Ukiipunguza kwa kuongeza weupe tu, mara nyingi utapata rangi ya peremende, na hiyo kwenye chumba cha watu wazima inachosha mapema.

Sasa sakafu yako, maana hapa ndipo penye kazi. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul aliwahi kusimamia utiaji rangi wa nyuzi kwenye kiwanda cha Gobelins kule Paris, wanakofuma mazulia ya ukutani. Palikuwa na malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zinatoka hafifu. Alipozichunguza hakuona kasoro kwenye rangi yenyewe. Shida ilikuwa nyuzi zilizofumwa jirani yake. Mwaka 1839 akachapisha matokeo yake: rangi mbili zikikaa bega kwa bega, kila moja huisukuma nyenzake iende mbali nayo. Nyekundu na kijani zinatazamana kwenye duara la rangi, ule mchoro unaozipanga rangi kwa mzunguko, kwa hiyo msukumo wake ni mkubwa. Kijani chochote utakachokishusha hadi kwenye vigae vyako kitaonekana kijani zaidi kuliko kilivyo kwenye ndoo, na vigae vitaonekana vyekundu zaidi kuliko unavyovijua. Sikwambii uache kijani. Nakwambia kile cha majani yaliyokomaa, juu ya sakafu ile, hakitatulia. Tafuta kijani ambacho ukikitazama peke yake unajiuliza kama ni kijani au kijivu. Kikishafika karibu na vigae, sakafu itakimalizia ukijani wake.

Mwanga. Dirisha la magharibi asubuhi halipati jua lenyewe, linapata mwanga wa anga tu, nao ni baridi na una ubuluu. Alasiri jua linaingia moja kwa moja, na kadiri linavyoshuka ndivyo linavyozidi unjano, kisha uchungwa, kwa sababu miali yake inapita kwenye hewa nyingi zaidi na ubuluu unatawanywa njiani. Maana yake chumba chako kina rangi moja saa tatu asubuhi na nyingine kabisa saa kumi na moja jioni. Ukiweka ukutani rangi ambayo tayari ina njano au wekundu, jua la jioni linakuja kuongeza juu ya kile kilichopo. Ndiyo hiyo chungwa mnayoikimbia, na ndiyo sababu nina mashaka na krimu kwenye chumba hiki, ingawa ni rangi nzuri. Dirisha la magharibi linakubali rangi zenye ubaridi kidogo, kwa sababu jua litazipasha lenyewe.

Usiku ni habari ya balbu, na mumeo chumba anakijua kwa balbu. Soma kwenye boksi lake. Utakuta namba inayoishia na herufi K, yaani kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga. 2700 ni mwanga wa unjano wa upole, 4000 ni wa katikati, 6500 ni ule mweupe wenye ubuluu, na kwa maelezo yako nadhani ndio mlio nao. Krimu chini ya 6500 hupoteza joto lake lote na kuonekana chafu. Kijani-kijivu hugeuka kijivu cha karakana. Badilisheni balbu kabla hamjachagua rangi. Mkichagua rangi kwa balbu ya leo halafu mkaibadilisha mwakani, mtakuwa mmejichagulia rangi ya chumba kingine. Kwenye boksi hilohilo mara nyingi kuna kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa uaminifu, na mwisho wake ni 100. Tafuteni ya 90 au zaidi.

Kuhusu rangi nzito kupunguza chumba: jibu langu ni kwamba kinachopunguza chumba zaidi ni mpaka. Kuta za kijani kizito, dari nyeupe pee, fremu nyeupe, ubao wa chini ya ukuta mweupe: jicho linahesabu kila kona na kila ukingo, na linajua sawasawa chumba kinaishia wapi. Kuta hizohizo ukiziunganisha na fremu na ubao wa chini kwa rangi moja, kingo zinapotea na jicho linakosa pa kusimama. Nimeona vyumba vidogo vya rangi nzito vikiwa na utulivu ambao nyeupe haitoi. Lakini gharama yake ni taa. Nyuma ya kartela nyingi, au kwenye orodha ya kiwanda, kuna namba kati ya 0 na 100 inayosema ukuta utarudisha mwanga kiasi gani: 0 ni weusi kamili, 100 ni weupe kamili. Krimu nyingi ziko kwenye 70 na kitu, kijani kizito kinaweza kushuka hadi 10 au chini yake. Balbu moja katikati ya dari haiwezi kukihudumia chumba cha 10. Utahitaji taa mbili za pembeni ya kitanda, na ukizipata hizo hutatamani tena ile ya katikati.

Ndugu kuta_nne, nakuheshimu, lakini nyeupe nayo ni rangi na ina rangi ndani yake. Kuna nyeupe yenye njano, yenye waridi, yenye kijivu, yenye kijani. Chukua karatasi nyeupe safi uishike kando ya ukuta wako mweupe uone. Na juu ya sakafu nyekundu, nyeupe ndiyo inayodaka wekundu upesi zaidi: jua likigonga vigae, sehemu ya chini ya ukuta inakuwa na waridi ambayo hukuinunua.

Namna ya kujaribu ninayoiamini ni hii. Usipake viraka juu ya chungwa iliyopo, maana Chevreul atakuja kukudanganya palepale ukutani. Chukua mbao nyembamba au makaratasi magumu, makubwa kadiri unavyoweza kubeba kwa mkono mmoja, yapige nyeupe kwanza, kisha rangi ya majaribio mikono miwili, yaani uirudie mara mbili, na uache pembeni ukanda mweupe wa upana wa vidole viwili. Usihukumu rangi mbichi. Rangi nyingi za maji hukolea zikikauka, kwa sababu ule utomvu unaozishika huwa mweupe kama maziwa ukiwa na maji, na maji yakitoka unakuwa kioo. Vikikauka, simamisha ubao mmoja chini kabisa ukigusa kigae, mwingine kando ya kabati, mwingine ukutani mkabala na kitanda, kwa sababu huo ndio ukuta utakaoutazama ukiwa umelala. Ukiweza, piga mbao mbili kwa rangi moja uzikutanishe konani, uzitazame kwenye mkunjo. Pale kwenye mkunjo ndipo utaona rangi ya kuta nne itakavyokuwa. Ziache humo, usizitazame kwa kukodoa. Pita nazo ukirudi kazini, ukiamka, jua likizama, na mumeo apite nazo usiku taa zikiwaka.

Kung'aa: chumba cha kulala nataka rangi isiyong'aa au yenye mng'ao mdogo kabisa. Kuta za zamani hazijanyooka, na jua la jioni linakuja limelala pembeni. Mng'ao utaonyesha kila bonde na kila mahali puti iliposhikwa na mkono mzito. Ubaya wake mmoja ni kwamba rangi nzito isiyong'aa hushika alama za kusuguliwa, mkono ukipita mara kwa mara kando ya swichi panabaki na mng'ao. Fremu na mlango piga yenye kung'aa kidogo, vinaguswa kila siku.

SaaTisaUsiku

Mwenzangu wa zamu, mimi niko maabara, zamu kama zako. Hapo kwenye usingizi naomba niseme, kwa sababu nimeona watu wa zamu wakitumia nguvu kwenye ukuta wakati adui yuko dirishani.

Mwaka 2002 watafiti walionyesha kwamba nyuma ya jicho, mbali na chembe za kuonea, kuna chembe nyingine zinazohisi mwanga zenyewe na kupeleka habari kwenye saa ya mwili. Zinaitikia zaidi mwanga wa buluu, wa mawimbi yenye urefu wa karibu nanomita 480. Mwanga huo ukiingia kwa wingi, ubongo unapunguza melatonini, homoni ya usingizi, na mwili unaambiwa ni mchana. Anga ya asubuhi imejaa mwanga huo. Wewe unarudi nyumbani na kulala katika saa zile ambazo kila kitu kinakwambia amka. Ukuta wa bluu hauwezi kukuokoa hapo, na wala ukuta wa kijani hauwezi kukudhuru. Pazia zito lenye bitana nyeusi, linalopita ukingo wa dirisha kila upande na kushuka chini ya kizingiti, ndilo litakalokulaza. Zima mwanga kwanza, halafu rangi ikupendeze ukiamka.

Waridi nayo ina hadithi yake. Mwaka 1979, kwenye kituo cha kuwarekebisha askari wa jeshi la majini la Marekani mjini Seattle, chumba cha mahabusu kilipigwa waridi kali kwa matumaini ya kuwatuliza waliofungiwa humo. Habari zikaenea, magereza mengine yakaiga. Uchunguzi wa baadaye uliofanywa kwa uangalifu zaidi haukuuona utulivu huo. Piga waridi ukiipenda kwa macho, usiipige ukiitegemea kama dawa.

Nakuunga mkono kwenye jambo moja: rangi isiyorudisha mwanga mwingi inakusaidia kidogo ule mchirizi unaoponyoka kando ya pazia. Kwenye ukuta mweupe mchirizi mmoja unaamsha chumba kizima. Kwenye ukuta wa 30 au 40 unabaki palepale ulipoingilia.

MamaWawili

Shikamoo fundi, nimejifunza mengi. Dada ZamuYaUsiku, mimi nina neno moja tu na naomba ulichukue kwa uzito: hizo rangi zinazobanduka kwenye fremu ya mlango. Umesema nyumba ni ya zamani na kuna tabaka juu ya tabaka. Rangi za zamani, hasa za mafuta za milango na madirisha, nyingi zilikuwa na madini ya risasi. Marekani waliipiga marufuku kwenye rangi za nyumbani mwaka 1978, na nchi nyingi zimefuata baadaye sana. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo na mimba zilizo tumboni.

Hatari iko kwenye vumbi. Fundi asianze kupiga msasa mkavu wala mashine kwenye fremu ile mpaka ipimwe. Kama haiwezekani kuipima, chukulieni kwamba risasi imo: palowanishwe kwanza, pasuguliwe palepale pakiwa pabichi, mavumbi yafutwe kwa kitambaa kibichi, yasifagiliwe kwa ufagio. Kitanda na nguo vitoke nje ya chumba. Na kama mna mtoto, asiingie mpaka sakafu imepigwa deki zaidi ya mara moja. Nimeona mtoto wa miaka miwili akiokota vipande vya rangi dirishani na kuvitia mdomoni, nami tangu hapo siwezi kunyamaza jambo hili likitajwa.

ZamuYaUsiku

Marahaba kwa wadogo na shikamoo kwa wakubwa. Fundi, MamaWawili, SaaTisaUsiku, asanteni sana, nimesoma kila neno na mume wangu nimemsomea.

Kazi ya fremu tumeisimamisha, tunatafuta wa kuipima. Mtoto tunaye, na kitanda chake kidogo kimo humohumo chumbani, kwa hiyo hilo silichezei.

Mbao tumezipiga: kijani kizito changu, krimu ya mume wangu, na ya tatu ile ya fundi, kijani ambacho si kijani, muuzaji alisema wengi hudhani ni kijivu. Balbu tulibadilisha kwanza, ya 2700, na taa mbili za pembeni ya kitanda.

Kijani changu nilikiweka chini kigusane na kigae kama ulivyosema. Vigae vyangu nimevitembelea miaka yote hii nikijua ni kahawia. Palepale vikawa vyekundu, vyekundu kweli, na ubao ukasimama juu yake umekolea mno. Asubuhi nikirudi kazini, mwanga ule wa baridi ulikifanya karibu cheusi. Kilikuwa kizuri kwa muda wa saa moja tu, pale jua linapoanza kuingia, na saa hiyo nakiri kilinishika moyo.

Krimu usiku, chini ya taa mpya, ilikuwa nzuri kuliko zote. Mume wangu alikaa kitandani akaitazama na kusema si aliniambia, na kweli alikuwa sahihi. Lakini saa kumi na moja jioni ikawa njano, na njano ikaanza kuelekea kwenye chungwa ileile tunayoikimbia. Yeye mwenyewe aliporudi mapema akaiona, akaigeuza uso ukutani.

Ya tatu asubuhi ni kijivu cha mawingu. Nikiamka ni kijani cha upole. Jioni jua likiipiga inakuwa na ukahawia kidogo kama vile imechanganywa na udongo, nayo inapatana na kabati kwa namna ambayo sikuitarajia. Usiku imetulia. Namba yake ni 42.

Kuna kitu kimenishangaza naomba fundi unieleze. Jioni jua likishazama na kabla hatujawasha taa, kabati na sakafu vinakuwa vyeusi karibu kabisa, lakini ule ubao bado unaonekana mweupe-mweupe, kama una mwanga wake wenyewe. Krimu haikufanya hivyo kwa kiasi kile. Ni macho yangu yamechoka?

Na dari je? Mume wangu, kwa kuwa krimu ya ukutani imemponyoka, anaiomba darini.

FundiBrashi

Macho yako hayana tatizo, dada. Hiyo imeonwa zamani. Mwaka 1819 mtafiti wa Bohemia (Ucheki ya leo), Jan Evangelista Purkyně, alibainisha kwamba mwanga ukififia, nyekundu huwa ya kwanza kuzama kwenye giza, na bluu na kijani zinabaki zikionekana, tena kama zimeng'aa kuliko mchana. Jicho linapohama kutoka kuona kwa mchana kwenda kuona kwa giza, linabadilisha rangi linazozipendelea. Sakafu yako nyekundu na kabati lako la kahawia yanazama, ukuta unabaki juu. Krimu ni nyepesi zaidi, lakini ina unjano, kwa hiyo haipandi kwa namna hiyo. Kwa chumba cha kulala mimi naipenda sana tabia hii. Mtu akiamka usiku anaona ukuta uko wapi bila kuwasha taa, na wewe mwenye mtoto humo ndani utaithamini.

Dari: krimu hapana, na mzee mwenzangu anisamehe. Vigae vyekundu vinarusha joto lao juu, jua la jioni linagonga sakafu na kurudi darini, kwa hiyo krimu itapata unjano mara mbili. Mfanyie hivi: nyeupe ya dari, robo ya mchanganyiko iwe rangi ya ukuta. Itaonekana nyeupe kwa mtu asiyejua, lakini haitakata chumba kwa wembe pale juu. Krimu yake mpeni kwenye shuka na mapazia. Kwenye kitambaa, chini ya taa zile, ataipata kama alivyoiona ubaoni. Kitambaa hicho mkichague usiku na mchana pia, kwa sababu vitu viwili vinaweza kulingana kabisa chini ya jua na kukataana chini ya taa.

Kiasi: mzunguko wa chumba ni mita 15, mara 2.6, ni mita za mraba 39. Toa mlango, dirisha na kabati, tuseme 9, zinabaki 30. Mikono miwili ni 60. Lita moja kwenye ukuta laini hutembea mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, wako ni wa zamani utanywa zaidi, kwa hiyo hesabu lita 6 na uongeze kidogo ya akiba. Chungwa ile izibe kwanza kwa andakoti nyeupe, ile rangi ya chini ya kutangulia, mkono mmoja mzima, usitegemee rangi yako ya kijani-kijivu ifanye kazi ya kuificha. Itaificha, ila itatoka na ujoto wa chini ambao hamkuuona kwenye ubao.

Ukinunua makopo zaidi ya moja, mwambie fundi ayamimine yote kwenye ndoo moja kubwa na kuyakoroga pamoja kabla hajachovya rola. Mashine ya kuchanganya ni ileile na namba ni ileile, lakini kopo na kopo hutofautiana kidogo, na tofauti hiyo utaiona katikati ya ukuta jioni jua likija pembeni. Ukuta mmoja apige bila kupumzika kutoka kona hadi kona. Kingo za juu na kando ya fremu azikate kwa brashi na afuatishe rola pakiwa bado pabichi, vinginevyo patabaki na fremu ya picha kuzunguka chumba chako.

kuta_nne

Nimefuatilia mpaka mwisho. Bado nyumbani kwangu ni nyeupe na itabaki nyeupe, lakini nimeenda na karatasi kama fundi alivyosema, na ukuta wangu ni waridi. Sakafu yangu nayo ni ya mbao nyekundu. Fundi, swali: nyeupe yenye kijivu ingeiondoa hiyo waridi?

FundiBrashi

Ingepunguza, isingeondoa. Chukua yenye kijani kwa mbali, kiasi cha kutoonekana kwenye kopo, hiyo ndiyo inayopambana na wekundu. Lakini na wewe anza na ubao, uuweke chini kabisa kando ya sakafu, utazame saa sita mchana.

Dada ZamuYaUsiku, kuta zikikauka, mimina rangi iliyobaki kwenye chupa ndogo ya kioo ijae hadi juu ili hewa isikae ndani, uandike kwenye mfuniko namba ya rangi, jina la kiwanda, aina ya mng'ao na mwaka. Mtoto wako akianza kusukuma gari lake ukutani utaihitaji.